Sarafu Iliyooshwa kwa Majivu

Félicité aliisugua ile sarafu kwa majivu na ndimu, kama anavyosugua masufuria yake, mpaka mfalme mwenye ndevu akang'aa kama ametoka kwa kinyozi. Kisha akaniletea. Wiki ile nilikuwa nalala kwake, kwenye mtaa unaoitwa komini ya Tshopo. Mtu asiye na kwao hulala kwa wanaomvumilia, na huyu ni mtoto wa dada yangu.

"Tonton, angalia. Sasa iko kitu ya kuonyesha batu."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Sarafu ilikuwa ya fedha, ya mwaka 1887, marehemu mumewe aliirithi kule Yanonge. Papa Constant, muuza mota za mitumbwi mjini, ni mgonjwa wa sarafu za kale. Walikuwa wamepatana: yeye alete mota, Félicité atoe sarafu, ila isiwe imeguswa. Félicité hushuka na mtumbwi hadi Yanonge kuchukua samaki wa moshi. Kushuka ni raha, maji yanakubeba. Kurudi ni kupigana na mto Kongo kwa kasia, na mabega yake yalikuwa yamekwisha. Mota ile aliiota hata mchana.

"Watu wa sarafu hawataki isafishwe," nikamwambia. "Ule weusi ndio umri wake."

"Mugeni anakuya kwangu, na mi nimupatie kitu ya buchafu? Mama hakunifundisha vile."

Nikamtoa nje juani. Zamani nilimpulizia moto sonara mmoja wa Uvira, mpaka miguu iliponiwasha tena nikaondoka, na aliniachia jicho la kuijua fedha. Sarafu isiyoguswa, ukiiinamisha juani, mwanga unatembea juu yake. Iliyosuguliwa, mwanga unakaa pale pale, mweupe, kama umechoka. Ukitazama karibu zaidi unaona mistari myembamba imeelekea upande mmoja, kama ua uliofagiwa asubuhi. Na kwenye pembe za herufi, mahali kidole hakifiki, weusi umebaki.

Félicité akatazama sana.

"Iko sawa na lupango yangu," akasema, akiuangalia ua wake. "Bon. Tutairudisha buchafu."

Akaifunga kwa waya, akaitundika juu ya moshi pamoja na kambale, ngolo wanavyoitwa huku. Ilipotoka kesho yake ilikuwa na rangi ya chai na inateleza kwa mafuta.

Papa Constant akafika mchana, na mota ya buluu imefungwa nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba watu. Ilipofunguliwa na kuwekwa chini, iling'aa hata majirani wakasogea. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaitazama sarafu, akainusa. Akainusa tena.

"Mama, franga hii iko na harufu ya ngolo."

"Nyumba muzima iko na harufu ya ngolo, Papa Constant. Hata Tonton."

"Kwa Papa René sikatai," akasema akinitazama, na akaipangusa sarafu kwa kitambaa. Rangi ya chai ikahamia kwenye kitambaa. "Aa. Mistari. Mulisugua na nini?"

Félicité akanitazama. Mimi nikatazama paa.

"Majivu," akasema. "Na ndimu. Juu yako wewe. Ningeleta kitu ya buchafu ungesema mujane wa Yanonge hana heshima."

"Pole, mama. Basi siichukui." Akamwita mwenye toleka waifunge mota upya.

Félicité akaifikia mota kabla yao. Akapitisha ukucha ubavuni. Buluu ikabanduka kama ganda la yai. Chini yake kutu, na chini ya kutu rangi nyingine, nyekundu. Mwenye toleka akakohoa, akaenda kukagua tairi lake.

"Na hii, Papa Constant, uliosha na nini?"

"Ni… peinture kidogo. Mutu anapeleka mota kwa mama, ataipeleka na kutu?"

"Donc ulinifanyia heshima."

"Ee."

"Na miye nilikufanyia."

Papa Constant akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka mpaka kioo kikamtoka mkononi. Akatia sarafu mfukoni. Lakini Félicité hakucheka. Alisema kwa watu wa mto, anayekupa mota hukaa ndani ya mtumbwi safari ya kwanza. Kama ni kuzama, mzame wote.

Tukateremka bandarini, tukafunga mota kwenye mtumbwi, tukaingia, mimi katikati, Papa Constant mbele na viatu vyake vya ngozi. Félicité akavuta kamba mpaka jasho likamtoka, ndipo mota ikaitika. Tukashuka kidogo, akageuza dhidi ya maji. Miti ya ukingoni ikasimama hapo hapo, haiendi mbele wala nyuma. Kisha mti mmoja ukaanza kurudi nyuma, polepole, na wa pili ukaufuata. Félicité akaliachia kasia alilokuwa amelikumbatia magotini.

Tulipopita mbele ya bandari Papa Constant akainua mkono.

"Mama, nishukie hapa."

"Nikizima, itawaka tena?"

Akafikiri.

"Hapo siwezi kuapa."

"Basi kaa."

Tukaenda, tukageuza, tukapita bandari tena, yeye anawapungia watu kama mbunge. Mafuta yalikwisha mbali kidogo na ukingo, na Félicité akampa kasia.