Kiti cha Mzee Mustafa

Imamu alikuwa amesimama, safu nzima ilikuwa imesimama, na Mzee Mustafa alikuwa bado chini. Alikandamiza viganja kwenye zulia. Akajaribu goti la kulia, likakataa. Akajaribu la kushoto, likatetemeka na kumrudisha palepale. Sala ilipokwisha, mwanawe Hamza akamshika kwapa moja, mtu mwingine akamshika la pili, wakamnyanyua kama gunia la mahindi. Nyuma yao kiti cha plastiki kilikuwa kinaburutwa, na mzee alijua kinaburutwa kwa ajili yake.

Dini inaruhusu kiti. Hilo alilijua tangu utotoni, na hakuna aliyemcheka. Ila yeye mwenyewe alikuwa amewacheka waliokaa kwenye viti vile, miaka mingi, kimoyomoyo, kwa raha kabisa. Sasa aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Hamza ndiye wa kulaumiwa kwanza. Mtu wa miaka thelathini na minane, tumbo limetangulia, akitoka dukani kwenda kununua soda ng'ambo ya barabara anawasha gari. Baba yake alianza na furushi la vitambaa mgongoni akaishia na duka zima katikati ya Eldoret. Kwa miaka arobaini alipanda ngazi mwenyewe kuteremsha majora ya vitambaa kutoka rafu za juu, akachuchumaa kufunga mizigo ya wateja wa Kapseret. Halafu siku moja Hamza akamwona ngazini mbele ya wateja, akaingiwa na aibu. "Aabo, shuka. Watu watasema hatukutunzi." Kesho yake kikaja kiti cha ofisi, cheusi, chenye magurudumu na mahali pa kuegemeza kichwa. Ukoo mzima ulikuja kukitazama. Wengine walipiga picha nacho.

Tangu hapo, miaka miwili, mzee hakuruhusiwa kuokota hata kalamu. Akitaka maji, analetewa. Akitaka kuona barabara, anasukumwa hadi mlangoni. Heshima gani hii, ya kumgeuza mtu mzima kuwa fanicha?

Na mzee naye, tuseme ukweli, aliipenda. Kutoka kitini mwake alikuwa akimrushia maneno Ogola, mchukuzi wa mizigo, mzee mwenzake aliyekuja kwa miguu kutoka Langas kila asubuhi. "Ogola, na umri hiyo yote bado unabeba kama punda? Watoto wako wako wapi?" Ogola aliweka jora begani akapita.

Baada ya yale ya msikitini, Hamza alimpeleka babake kwa daktari. Daktari alimpima kila mahali asione ugonjwa.

"Mzee si mgonjwa," alisema. "Mmemkalisha mpaka misuli zimeisha. Mkiendelea hivi, ataanguka bafuni na hataamka tena. Mwacheni afanye kazi."

Hamza aliitikia kwa kichwa, akashukuru kwa adabu zote, kisha akapitia duka la dawa akanunua mkongojo. Mkongojo! Mtu ameambiwa mchana kweupe, na bado hasikii.

Siku hiyohiyo, Hamza alipokwenda kula, Mzee Mustafa alijisukuma na kiti chake hadi stoo, akamwita Ogola.

"Ogola, ukikaa chini, unaamkaje?"

"Naamka tu."

"Nifundishe."

Ogola alimtazama kutoka kofia mpaka viatu, polepole, kama kitambaa ambacho hana haja ya kukinunua. "Miaka mbili umeniita punda. Leo punda ndio mwalimu?"

"Sema unataka pesa ngapi."

"Sitaki pesa yako, Mzee. Nataka hiyo kiti. Wewe ukikuwa chini, mimi nitakuwa hapo juu."

Mzee Mustafa alikaza vidole kwenye mikono ya kiti. Lakini alikuwa ameapa kwamba Ijumaa ya nne kuanzia siku hiyo ataswali chini na kuinuka mwenyewe, na kiapo hicho hakikuwa na njia nyingine. Akashika rafu, akainuka, akakisukuma kiti kwa Ogola.

Basi kila saa ya chakula ikawa hivyo: mchukuzi ameegemeza kichwa, anatafuna njugu, na mwenye duka yuko sakafuni katikati ya majora. Geuka, piga magoti, weka mkono juu ya jora, mguu mmoja mbele, sukuma. Siku ya kwanza aliweza mara moja, akalia, na hakujificha.

"Tena," Ogola alisema.

"Nimechoka."

"Umechoka na nini? Hujafanya kitu miaka mbili."

Wiki ya pili alifika mara nne. Wiki ya tatu, mara saba, na akaanza kumtukana Ogola kwa pumzi nzuri.

Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ile, Hamza alirudi mapema. Alifungua mlango wa stoo akamkuta babake chini na mchukuzi kwenye kiti cha ukoo.

"Ogola! Toka kwa hiyo kiti! Aabo, nani amekuangusha?"

"Nimekaa mwenyewe."

Hamza akainama kutafuta kwapa.

"Ukinigusa, nitakuchapa na hiyo mkongojo yako."

"Lakini Aabo, watu wakikuona hivi watasema..."

"Nyamaza, Hamza."

Ogola hakuondoka kitini. Alinyoosha mguu, akalisukuma jora mbali, mahali ambapo mkono wa mzee haungefika. "Kesho msikitini hakuna jora," alisema. "Amka bila."

Mzee Mustafa akageuka, akapiga magoti. Akaweka viganja sakafuni, mguu wa kulia mbele. Goti la kushoto likaachana na saruji, likatetemeka, ila safari hii halikumrudisha. Hamza alikuwa amesimama mikono mbele, mitupu, hajui aiweke wapi, na Ogola akaacha kutafuna.