Somo Yake Yuko Njiani

Valmae alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Barabara ya Tanami, huko jangwani, ilikuwa na mikunjo kama bati la paa, na barabara ya namna hiyo ina ukorofi wake: ukienda polepole inakung'oa meno, ukikimbia inakubembeleza, mpaka ikuchoke ikutupe mchangani. Yeye alikuwa anakimbia.

"Mama, utatuua," alisema binti yake Maisie, kang'ang'ania mlango.

"Utakufa siku yako ikifika. Leo tunafika Yuendumu."

Huko Yuendumu, kijijini kwao, mama yake Valmae alikuwa hoi kitandani. Hospitali ya mjini aliikataa katakata, akataka kitu kimoja tu: aletewe somo yake, mjukuu aliyepewa jina lake, ambaye hakumwona tena tangu alipokuwa ananyonya. Valmae alikuwa ameolewa mbali, Adelaide, na kila mwaka alisema mwakani. Sasa mwakani hiyo ilikuwa inamla roho.

Simu haikushika mtandao tangu asubuhi. Aliinyakua, akaitazama, akaitupa kitini, akainyakua tena. Alifungua dirisha, vumbi jekundu likawajaa. Akafunga, joto likawapika. Mbele yao tai alikuwa anadonoa mzoga wa kangaruu katikati ya njia, wala hana habari.

"Pisha, mshenzi wewe! Umekosa pa kulia?"

Maisie akaangua kicheko. "Unamgombeza ndege?"

"Na wewe nitakugombeza. Hebu niambie, ukifika utafanyaje?"

"Nitamshika mkono, nitamwambia, Bibi, mimi ndiye Maisie. Mama, nimesema mpaka mdomo umechoka!"

Walisimama kutia mafuta kwenye kituo cha pekee cha njia ile. Barazani alikuwa ameketi Mjomba Rex, kaka wa mama yake, aliyetoka Yuendumu kuja kuwangojea, kikombe cha chai mkononi. Valmae aliruka nje ya gari.

"Mjomba! Maisie mkubwa anaendeleaje? Anakula? Maisie mdogo huyu hapa, nimemleta!"

Mjomba akainamisha kichwa kama aliyepigwa kofi. Alimtazama msichana, machozi yakimlenga, kisha akamnyooshea kikombe.

"Njoo unywe chai, Kumanjayi."

Maisie akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Valmae alielewa mara moja. Kwao mtu akifa jina lake halitamkwi, na aliye hai mwenye jina hilo hulivua, akaitwa Kumanjayi, mtu asiye na jina, mpaka miaka ipite.

"Anaitwa Maisie!" alipiga ukelele. "Nimeendesha gari tangu Adelaide, Mjomba! Mwite Maisie! Maisie! Maisie!"

"Basi, mwanangu, basi," Mjomba alisema, sauti ikimkatika. "Ametutoka alfajiri. Ukimwita hivyo roho yake itageuka nyuma. Mwache aende."

Valmae alijifunika uso kwa mikono miwili. Aliona aibu, aliona uchungu, akatamani kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga hakuwapo. Binti akamsogelea, akamshika bega.

"Mama, kuna nini? Kumanjayi ni nani?"

Valmae alifungua mdomo amwite mwanawe kwa jina, akaufunga. Akamvuta kifuani, akamkumbatia kwa nguvu zote.

"Ni wewe," alimwambia, akilia. "Kuanzia leo ni wewe."