Dole Gumba Kwenye Lipu

Siku ya tano baada ya tetemeko, mji mzima ulinuka. Si ile harufu ya vumbi. Hiyo ilikuwa ya siku ya kwanza, watu wakiwa bado wanalia na kukumbatiana. Siku ya tano zilinuka friji zilizokosa umeme, likanuka bomba la maji taka lililopasuka mbele ya benki, na kikanuka kitu kingine chini ya vifusi ambacho kila mtu alikijua na hakuna aliyekitaja. Lakini kwa fundi lipu mmoja aliyepiga magoti kwenye ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa nne, harufu iliyomtia kichefuchefu kuliko zote ilikuwa ya saruji mbichi kwenye karai lake mwenyewe.

Mafundi wenzake walimwita Dolegumba, kwa sababu dole gumba lake la kulia lilikuwa kibutu. Dada yake ndiye aliyelikata, utotoni, akipasua kuni na mdogo mtu akapeleka mkono mahali pasipomhusu. Ukucha haukuota tena. Ilibaki ncha bapa yenye kovu lililopinda katikati.

"Kaza mkono, mwanangu," alisema mwenye jengo, leso imembana puani. "Mkaguzi anapita mtaa huu leo. Nguzo tatu tu, halafu tunapiga chokaa, mchezo umekwisha."

"Lipu haijakauka, bosi."

"Itakauka mbele kwa mbele. Kwani yeye anakuja kuilamba?" Akacheka peke yake. "Tena wewe si mgeni hapa. Jengo hili unalijua."

Alilijua, ndiyo. Ndiyo balaa yenyewe.

Tetemeko lilikuwa limezivua nguzo zile shati. Lipu ilidondoka yote, na ndani, mahali ambapo zege lilipaswa kukaa, palikuwa jalala. Mifuko ya saruji iliyokunjwa na kusokomezwa. Vipande vya matofali. Chupa. Kandambili moja ya buluu, ya mguu wa kushoto, ambayo mwenyewe labda aliitafuta siku nzima. Na nondo mbili tu, nyembamba, zimeota kutu, zikishika ghorofa nne na kila aliyelala humo. Vumbi halijatulia, mwenye jengo alikuwa amezifunika kwa maturubai wapangaji wasione.

Dolegumba hakushangaa. Miaka tisa nyuma alikuwepo mbao za kufungia zege zilipobanduliwa, akaona mashimo ya kupitisha ngumi. Msimamizi alimwambia neno moja: "Paka." Akapaka. Tusidanganyane, hakuwekewa kisu shingoni. Alipaka vizuri, akasawazisha mpaka nguzo ikang'aa, kisha akanawa mikono na kula chakula cha mchana, akaomba na nyongeza.

Na kama kawaida ya kundi lao, alipomaliza kila nguzo alibonyeza dole gumba chini, karibu na sakafu, lipu ikiwa bado mbichi, ili jioni msimamizi ajue ni kazi ya nani. Wengine walichora kwa msumari. Yeye hakuhitaji msumari. Kibutu kile mji mzima hakikuwa na pacha.

Basi, miaka mitatu baadaye dada yake, mshona nguo, akaja na furaha tele: amepata chumba ghorofa ya tatu, kina dirisha kubwa, mwanga wa kutosha kutunga uzi bila miwani. Alipotaja jengo, lilikuwa lilelile la nguzo zile.

"Dada, ngazi ni nyingi mno," ndilo pekee lililomtoka.

"Ngazi? Mimi nimekuwa bibi lini?"

Akahamia. Na kila Jumapili Dolegumba alikwenda kula kwake, maana dada ndiye aliyemlea baada ya mama kufariki, na kutokwenda kungezua maswali. Hakuwahi kulala pale hata siku moja. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, sahani mapajani, viatu mguuni. "Hebu mtazameni," dada mtu aliwaambia majirani. "Anakaa mlangoni utadhani kaiba kuku!" Watu walicheka. Naye alicheka nao.

Siku ya tetemeko dada alishuka peku, sketi ya mteja ikining'inia shingoni na sindano zake. Jengo liliyumba, likalala kidogo upande, likasimama. Bahati ya aina yake, wala si kazi ya mtu. Jengo la mtaa wa pili, la msimamizi yuleyule, lilikaa chini kama mtu aliyechoka, na Dolegumba alikuwa miongoni mwa waliochimba siku tatu kwa mikono. Alichokigusa huko hakumsimulia mtu. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, harufu ikabaki vidoleni.

Na bado, mwenye jengo alipomwita, alikuja. Kwa nini? Kwa sababu yule bwana alimwambia kwa upole, akimpigapiga begani: "Haya yakijulikana, wataniuliza mimi nani alijenga, na wataniuliza nani alifunika. Tutazama pamoja, mwanangu." Mkono wake ulikuwa laini na wa moto. Dolegumba alihisi kama koa amemtambaa.

Nguzo ya tatu ilipokwisha, alijikuta ameinama akabonyeza dole gumba chini yake, kama alivyobonyeza chini ya zile mbili. Mazoea tu! Mkono umefanya bila kumuuliza. Akaitazama alama, akatema mate pembeni.

"Ee, unatema sakafuni kwangu?" sauti ilisema.

Alikuwa dada. Amesimama mlangoni na mabunda mawili na ndoo, tayari kwa safari ya ghorofa ya tatu.

"Dada, unafanya nini hapa?"

"Narudi nyumbani, nifanye nini kingine? Mdogo wangu, uwanja ule wa shule umenishinda. Vyoo vinne, watu elfu! Jana nimekanyaga kitu ambacho sitakitaja mbele ya ndoo yangu safi. Usiku huu mtu amejisaidia nyuma ya hema langu, tena anapiga mluzi." Alisonya. "Nataka cherehani yangu. Nataka kitanda changu. Maliza hiyo lipu, mkaguzi apake rangi ya kijani nipande."

"Nakuomba, kaa uwanjani siku chache tena."

"Nikae nifanye nini? Nioze? Wewe ndiye fundi, si unaziba nyufa? Ziba basi!"

"Dada mwenyewe kasema," alidakia mwenye jengo, akitabasamu mpaka magego. "Msikilize dada yako, fundi."

Dolegumba alichota lipu kwa mwiko, akairudisha karaini. Angesema nini? Kwamba alijua? Ardhi ikatikisika kidogo, moja ya yale matetemeko madogo ya kila siku, na juu huko kitu kikalia kwaa, kama jino linalolegea. Chembe za mchanga zikamwangukia dada kwenye nywele. Yeye akazipangusa tu, akaendelea kukaza fundo la bunda.

Mkaguzi aliingia bila hodi. Mwanamke mfupi, buti za mpira, macho mekundu ya kukosa usingizi, kopo la rangi ya kijani mkono mmoja na la nyekundu mkono mwingine. Mwenye jengo alimrukia na kiti, na maji ya chupa, na pole kwa kazi mama, taifa linawategemea.

"Sikai," alisema mkaguzi. Alizitazama nguzo. "Hizi zimepakwa leo."

"Nyufa za lipu tu, mama. Za juu juu. Tumesafisha kidogo, unajua wapangaji ni waoga."

Mkaguzi alimpita, akasimama mbele ya Dolegumba. "Umepaka wewe?"

"Mimi."

"Kulikuwa na nini ndani?"

Mwenye jengo akakohoa. Dada akadakia kwa furaha: "Huyu ni mdogo wangu, mama, fundi hodari! Mwambie basi, mdogo wangu. Mwambie niingie." Na bunda moja alikuwa ameshalitia begani, mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza.

Ule mguu ndio uliommaliza. Kiatu cha kuazima, kikubwa, kimefungwa kwa kipande cha uzi wake wa kushonea.

Dolegumba akachukua nyundo, akaipiga nguzo ya tatu kwa nguvu zake zote.

Lipu mbichi ilimwagika chini kama uji. Akapiga tena. Matofali yakaporomoka, mfuko wa saruji ukachungulia, chupa ikabingirika mpaka kwenye viatu vya mwenye jengo. Mwisho kandambili ya buluu ikadondoka, ikalala sakafuni mbele ya wote, inanuka uvundo wa miaka tisa.

"Toba!" alisema dada.

"Mimi sijui! Mafundi wa wakati ule walinidanganya!" mwenye jengo alipiga kelele, leso imemtoka puani. "Waliopaka hapa nani anawajua? Wametawanyika!"

Mkaguzi alikwishafungua kopo jekundu, anapaka mlango mzima, kwa hasira, rangi ikimchuruzika mpaka kiwikoni. "Hakuna anayepanda," alisema. "Hata kwa kufuata kijiko. Tokeni wote nje."

Dada aliinama kuokota ndoo yake. Ilikuwa karibu na nguzo ya nne, ile ya kando ya ngazi, ambayo tetemeko halikuivua. Alikuwa amefagia chini yake miaka sita. Hapo chini, karibu na sakafu, chini ya matabaka ya chokaa, palikuwa na kishimo kidogo, bapa, chenye mstari uliopinda katikati. Akakitazama. Akatazama chini ya nguzo ya pili, palipokuwa na kingine kama hicho, kibichi bado.

Alimfuata mdogo wake, akamshika mkono wa kulia, akaligeuza dole gumba, akalitazama muda mrefu kovu alilolitia mwenyewe. Hakulia. Aliachia mkono ule taratibu, kisha akaifuta mikono yake kwenye sketi, mbele na nyuma, kama mtu aliyegusa kitu chooni.

"Dada," alisema Dolegumba. "Nimewaonyesha. Nimeivunja mwenyewe."

"Umeivunja leo." Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliinua macho kwenye ngazi, kana kwamba anahesabu Jumapili zote alizompakulia. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unakaa mlangoni."

Akabeba mabunda yake, akarudi uwanjani.