Injini ya Bernadine, Bodi ya Adeline

Chumvi ndiyo inayomhifadhi samaki, na chumvi hiyohiyo ndiyo inayoua gari. Asiyeamini aende Kenosha, mji wa Wisconsin, mwezi wa Machi, theluji inapoyeyuka, akatazame magari yaliyopitisha baridi nzima kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ili watu wasiteleze. Juu yanang'aa. Chini yameliwa kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi.

Gari la Bernadine Gapinski lilikuwa Rambler, dogo, jekundu, la mwaka wa sitini na mbili. Alilinunua kwa jasho lake, akiwa bado anashona vitambaa vya siti kwenye chumba cha cherehani cha kiwanda kilichounda magari hayo. Siku alipolifikisha nyumbani, mama yake alilizunguka, akachungulia ndani, kisha akauliza mwenye gari yuko wapi. Bernadine hakuwahi kuolewa, basi majirani wakasema ameolewa na Rambler. Naye akawajibu kwamba mume huyo ana faida yake, hakoromi. Kiwanda kilikuja kufungwa, cherehani zikauzwa, wenzake wakahama au wakazikwa, lakini gari likabaki. Alipofika umri wa kutembea na fimbo, bado alikuwa akiliendesha kwenda misa na kurudi, na fimbo imelala siti ya nyuma kama abiria.

Basi Jumapili moja akitoka kanisani, gurudumu la mbele likaingia shimoni. Kitu kikalia chini kwa chini, na gari likainama upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala.

Fundi Duane Hartlaub alilivuta hadi gereji yake, akaliinua kwa jeki, akachukua bisibisi na kuchokoa mahali springi ya mbele inapoegemea. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Alichokoa pengine, ikazama tena. Akajifuta mikono muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Bi Bernadine," akasema, "injini hii bado mwari. Lakini bodi imekwisha. Moto wa kuchomelea unataka chuma, na hapa nachomelea nini, kutu?"

Akamweleza kwamba gari la namna hii halina chesisi yake peke yake, ile fremu ya chini. Bodi ndiyo mifupa, na mifupa ikioza hakuna pa kufungia kitu. Njia zilikuwa mbili. Ama apatikane mwenye bodi nzima ya gari kama lile, injini ihamie huko, ama hili lichinjwe, yaani lifunguliwe kiungo kwa kiungo, kioo kiende kwa anayetaka kioo, mlango kwa anayetaka mlango. Bernadine alimwambia neno hilo la kuchinja alimeze. Akaenda nyumbani kwa miguu, akavuta kiti karibu na simu.

Mwenye Rambler akitaka spea haendi dukani. Hupiga simu kwa mtu anayemjua mtu. Bernadine alipiga Ohio, akauziwa madigadi iliyokuja kwenye kasha kubwa kama jeneza. Kumbe ni ya mwaka wa sitini na nne, pana kuliko yake, na mpaka leo iko jikoni kwake, anawekea vitunguu. Alipiga Indiana, akampata kijana mwenye bodi safi, lakini kijana alitaka kuitia injini ya mashindano, na hakuona kwa nini amuuzie bibi. Mwisho akampata Lyle Vandeberg wa Iowa, mkulima aliyeweka Rambler malishoni pamoja na ng'ombe wake, na ambaye haulizi unataka nini kabla hajakuuliza wewe ni nani na nani alikulea.

Lyle alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwenye simu.

"Mama, wewe una moyo unatafuta mwili. Kuna mtu wiki iliyopita ana mwili, anatafuta moyo. Gari lilelile, mwaka uleule, la kijani. Tena si mbali na kwako, yuko Union Grove. Anaitwa Sorensen."



Sorensen huyo, Orville, alikuwa shemeji yake Bernadine, mume wa mdogo wake Adeline. Zamani shemeji hao hawakuweza kukaa meza moja bila kutaniana. Orville akimwambia apunguze pua ili mlango ufungike, Bernadine akimwambia Wadenmarki, watu wa kwao Orville, walifundishwa kupika na maadui zao. Tangu mazishi ya Adeline, baridi tatu zilizopita, hawakuwa wamesemeshana. Hapakuwa na ugomvi. Ila kila mmoja akimtazama mwenzake alikuwa anamwona yule aliyekosekana katikati yao, na hilo lilitosha kumfanya mtu apite barabara nyingine.

Lakini gari la kijani alilijua. Adeline na Orville walilinunua mwaka wa harusi yao, na kila baridi lililala ghalani, mbali na chumvi. Bodi ile lazima ilikuwa nzima kama yai.

Fundi Duane alimpeleka kwa lori la kukokotea, kwa matumaini ya kurudi na mzigo. Njiani Bernadine alipitia Racine akanunua kringle ya karanga za pekani, maana hakuna Mdenmarki wa pande zile anayeweza kukufukuza ukiwa umeshika mkate huo mtamu. Walipoingia uani Orville alitoka ghalani, mrefu, mwembamba, kofia yenye nembo ya wauza mbegu za mahindi kichwani. Alimwona shemeji yake, uso ukamfunguka. Kisha akalitazama lori nyuma, lilikuwa tupu.

"Injini iko wapi, shemeji?" akauliza.

"Injini gani? Nimekuja kuchukua bodi."

Kumbe Lyle alikuwa amempigia Orville pia simu, naye akaelewa kwamba Bernadine amekubali kutoa injini. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kumfariji mwenzake kwa msiba wa gari. Wakaanza kubishana pale pale kwenye tope. Orville akasema lile jekundu ni maiti, na maiti haimiliki moyo. Bernadine akasema gari lisilowaka ni kabati la kijani. Duane alizima lori, akafungua chupa yake ya kahawa, akakata kipande cha kringle bila kumwuliza mtu, maana aliona shauri hili haliishi upesi.

Hatimaye wakachoka. Orville alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, mikono amekunja, kama mama kuku.

Sasa, mama yao Bernadine na Adeline, mwanamke wa Kipoland asiyejua mchezo mwingine, alikuwa hampi mtu viazi mezani mpaka ategue kitendawili, na Orville alipokuja kuposa alikaa na njaa hadi saa tatu usiku. Ndiyo maana Bernadine alirudia neno la meza ile.

"Kitendawili."

Orville akatazama pembeni. "Tega," akasema, kwa sauti ndogo.

"Nikipanda mlima nalia, sijifuti machozi. Nikishuka najifuta kwa pupa."

Hilo kwa mwenye Rambler si kitendawili, ni salamu. Waipa za magari yale huvuta nguvu kwenye pumzi ya injini. Ukikanyaga mafuta kupanda mwinuko, mvua inapiga nazo zimelala, ukiachia zinarukaruka kama zimeshtuliwa usingizini. Orville alijibu kabla Bernadine hajamaliza. Halafu ikawa zamu yake kutega.

"Nilimnywesha maji asione kiu. Baridi ilipokuja, maji yakampasua kifua."

Bernadine alijaribu chupa, akajaribu mtungi, akajaribu bomba la jikoni. Orville akawa anatikisa kichwa tu.

"Basi nimeshindwa. Chukua mji. Chukua Racine."

"Racine nilizaliwa, shemeji. Huwezi kunipa kilicho changu."

"Haya, chukua Milwaukee na bia yake yote."

"Nimekwenda Milwaukee," akasema Orville, kama ilivyo desturi, "nimekula soseji zao, nimekunywa bia yao, nimelala hotelini, nimerudi. Jibu lake ni injini yangu."

Akamsimulia akiwa anatazama tope. Vuli ile Adeline alipougua, mpira wa rejeta ulipasuka barabarani wakitoka kwa daktari. Aliufunga kwa utepe, akajaza maji matupu ya kisima, akisema akifika nyumbani atayamwaga na kutia dawa ile ya kuzuia yasigande. Kila mtu wa Wisconsin analijua hilo, hata mtoto. Lakini jioni hiyohiyo Adeline alizidiwa, wakaenda hospitali kwa gari la jirani, na tangu hapo mpaka anazikwa Orville hakukumbuka kama ana gari duniani. Alipofungua boneti mwezi wa pili, bloku ya injini ilikuwa na ufa unaopitisha ukucha.

Bernadine alielewa. Yeye mwenyewe baridi ile alisahau kulipa bili, kula na kuchana nywele.

Orville akasogea mlangoni. "Lichukue," akasema. "Umesema kweli, ni kabati. Mwite fundi wako afunge minyororo."

Bernadine aliingia ghalani. Rambler ya kijani ilikuwa imefutwa vumbi, vioo vinaonyesha uso. Alipiga magoti kwa shida, akagonga chini kwa fimbo yake, na chuma kikamjibu kama kengele. Hapo moyo wake ulifurahi, sitaficha. Akafungua mlango akaketi kwenye usukani. Kwenye dashibodi palikuwa na kikombe cha kahawa, na ndani yake kahawa ilikuwa bado haijapoa. Kando ya kikombe gazeti la siku ileile, limekunjwa ukurasa wa hali ya hewa. Akaelewa Orville anakula wapi chakula chake cha mchana.

Alitazama mahali gari lilipoegeshwa, saruji safi iliyofagiliwa kulizunguka katikati ya sakafu chafu. Likiondoka, shemeji yake ataketi wapi? Jikoni, na viti vinne?

Alikaa mle hadi Duane akaja kuuliza afunge mnyororo wa mbele au wa nyuma. Bernadine akamwambia asifunge wowote. Injini ndiyo itakayokuja huku.

"Na lile jekundu?" akauliza Duane.

"Neno lile nililokwambia umeze," akasema, "litapike."

Alitaka kuwepo siku ya kuchinjwa. Duane alimshauri abaki nyumbani, hakusikia. Injini ilining'inia kwenye mnyororo, ikapita juu ya boneti tupu, na Bernadine akaona gari lake likiinuka kidogo mbele, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Lyle alikuja mwenyewe kutoka Iowa kuchukua kilichobaki, kofia mkononi, akaahidi vioo vitakwenda kwa mwalimu mmoja wa Nebraska anayelipenda gari lake. Siti zilizoshonwa katika chumba chake cha cherehani zilikwenda pia. Bernadine alipofika nyumbani alifungua mlango wa banda la gari kwa mazoea, akaona doa la mafuta sakafuni, akaufunga. Alilia jioni ile akiwa anamenya viazi, na viazi vikasingiziwa kuwa vitunguu.

Baada ya Pasaka Duane akawaita. Rambler ya kijani ilikuwa imesimama nje ya gereji. Orville aliufungua mlango wa dereva, akasimama hapo, akamnyooshea Bernadine ufunguo.

"Injini yako. Iwashe wewe."

Bernadine aliketi, akawasha injini. Ile sauti yake, ile ya miaka yote, ya chini na ya uvivu kidogo, ikatoka kwenye mdomo usio wake. Ilikuwa kama kumsikia mtu unayemjua akiongea chumba cha pili katika nyumba ngeni. Orville alimtazama, kisha hakumwomba ashuke. Alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia huko magoti yakimgusa dashibodi. Katika miaka yote ya lile gari hakuwahi kukaa upande ule. Upande ule ulikuwa wa Adeline.

Waliondoka Kenosha polepole. Bernadine, kwa kuogopa mashimo, aliendesha macho yakiwa chini, na kwenye kona ya kwanza alichelewa kushika breki. Orville, bila kujijua, alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kama mtu anayejaribu kulisimamisha gari yeye.

Mguu wake ukadumbukia.

Akainama kutazama. Pale zulia lilikuwa limelika mpaka kwenye chuma, na chuma chenyewe kimeng'aa, tundu kwenye zulia, la ukubwa wa soli ya kiatu cha mwanamke. Mahali pengine pote zulia lilikuwa kama jipya.

"Hiki nini?" akauliza.

Bernadine alitupa jicho, akarudisha macho barabarani. Alikuwa anajua, maana mdogo wake alimwambia mara nyingi, wakicheka mpaka wakashika mbavu.

"Hiyo ni breki ya Adeline," akasema. "Wewe shemeji ulikuwa unaendesha kama umeiba. Miaka yote hiyo yeye ndiye alikuwa anasimamisha gari."

 Walipita mashamba mawili, matatu, maji ya theluji yakiwa bado yamelala kwenye mifereji. Kisha Bernadine akamsikia Orville anacheka, au kitu kinachofanana na kucheka, kofia imemshuka usoni. Mguu wake aliuacha palepale ndani ya lile tundu, na kila kona iliyokuja, mpaka Union Grove, alikanyaga.