Baiskeli ya Verediana

Tangu watoke kanisani Jumapili ile, Verediana hakukalika kitini. Alijaza upepo magurudumu ya baiskeli, akayabonyeza, akajaza tena. Alikaza breki kwa spana, akazilegeza, akazikaza upya. Kesho yake alikuwa anarudi kazini Ujiji, kwenye zahanati alikokuwa muuguzi kabla bodaboda haijamwangusha na kumvunja mguu.

"Si nikuitie bodaboda?" aliuliza mumewe, Pastory. "Hapa Gungu ziko tele."

"Nikifikiria kukaa nyuma ya mtu, mwili unakufa ganzi. Hii angalau nashika breki mwenyewe."

Alasiri uvumilivu ukamwisha. Alijifunga kitenge juu ya suruali, akaondoka kwenda kuijaribu njia. Kwenye tambarare alienda vizuri, ila mguu ulikuwa unamvuta. Alipofika juu ya mteremko, pale pale alipoangukia, akafunga breki. Akashuka. Akapanda. Akashuka tena.

"Dada Vere."

Alikuwa Hamdani, dereva wa bodaboda ile. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya dagaa, mkongojo wake pembeni. Tangu ajali walikuwa wanakwepana.

"Siku hizi unauza dagaa?"

"Pikipiki imenishinda, dada. Nikisikia inanguruma tu, naizima." Akainamisha kichwa. "Nisamehe. Siku ile nilikimbiza mno."

Kwa miezi Verediana alikuwa ameyapanga maneno makali ya kumwambia. Yote yakampotea.

"Nilikuambia upunguze," alisema tu.

"Uliniambia."

Lori likapita, vumbi likawafunika. Lilipotulia, Verediana alikuwa ameshapanda. Breki zikalia, kitenge kikapepea, ziwa likatokea mkono wa kulia likimeremeta, naye hakuthubutu kulitazama. Alikwenda hadi kwenye lango la zahanati, akaligusa, akageuza bila kupumzika.

Alirudi akiikokota baiskeli mlimani, jasho likimtiririka. Hamdani alikuwa amesimama akimngoja.

"Ilikuwaje?"

"Nimeogopa njia nzima. Halafu cheni imechomoka."

Hamdani akaegemeza mkongojo mezani, akachuchumaa kwa taabu, akaanza kuirudisha cheni.

"Harakisha basi," alisema Verediana, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. "Gauni la kazi bado sijalipiga pasi."