Hatua za Kutoka Kitandani Hadi Majini

Kwa kila kisiwa dada yangu Priska aliuliza swali moja tu: kutoka kitandani hadi majini ni hatua ngapi?

Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Kijitabu cha hoteli za visiwani kilikuwa cha picha za rangi na maneno yake ya Kiingereza, na pale kwangu Shirimatunda, Moshi, Kiingereza kilikuwa changu peke yangu. Sikukipata shule. Nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia nyama, neno kwa neno, kamusi magotini, nikisubiri wateja wa viatu. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, mwaka tisini na saba, watu wametoka misa ya pili. Priska na mumewe Mathew walikuwa na wiki tatu kwenye ndoa. Katikati yetu palikuwa na sufuria ya kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na hakuna aliyekuwa anakula.

"Hatua hawakuandika," nikamwambia. "Wameandika chumba kinatazama bahari."

"Kutazama si kufika, kaka."

Mathew akacheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu cha kazi, miguu ameinyoosha juu ya kreti ya soda. Mguu wa kushoto hauna vidole vinne. Wa kulia hauna viwili. Vilivyobaki vipo kama vitu vya kuazima: ukivichoma sindano, anakutazama usoni ajue kama umeshachoma.

Desemba iliyotangulia alikuwa mpagazi mlimani, kama alivyokuwa kwa miaka tisa. Mgeni mmoja alizidiwa huko juu, wakamtuma Mathew apande kumsaidia kiongozi kumteremsha. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili. Buti alilopewa na kampuni likaachia soli, theluji ikaingia, vidole vikaganda, na yeye akaendelea kushuka na mtu wa watu mgongoni. Mgeni alipona. Alituma kadi ya Krismasi.

Kampuni ilikuwa ya Eliamini. Mimi Eliamini namjua tangu mwaka sabini na sita, alipokuwa anatufundisha siasa kwenye darasa la jioni la watu wazima. Neno "unyonyaji" nimelisikia kwanza kinywani mwake. Alilichora ubaoni: mtu mnene amekaa juu ya mtu mwembamba. Biashara binafsi ziliporuhusiwa, akafuta ubao akaenda kununua mahema ya watalii.

Sasa huyo Eliamini alikuwa amewaletea maharusi zawadi. Fungate ya siku kumi visiwani, tiketi, chumba, boti, kila kitu. Kazi yao ilikuwa moja, kuchagua mahali pa kukaa. Kijitabu kilikuwa na vituo vitatu. Unalala pale siku zote, sanduku kubwa linabaki chumbani, na kila asubuhi boti inakupeleka kwenye visiwa vidogo vya jirani, jioni unarudi. Ukikaa Unguja mjini unakwenda Changuu kuona kobe. Ukikaa Pemba unakwenda Misali. Ukikaa Mafia unakwenda Chole.

"Pemba," Mathew akasema. "Soma tena Pemba."

"Ni ya kijani. Ina vilima na migomba."

"Vilima?" Akasonya. "Nitoke Kilimanjaro nikapande kilima? Toa hiyo."

"Mafia, nyumba ziko pwani kabisa. Mchanga unaanzia mlangoni."

"Ee, hapo! Mlangoni, umesikia Priska? Unafungua mlango unakanyaga."

Priska alimwita jirani yetu Mwanajuma, aliyekuwa anaanua kanga upande wa pili wa ua. Mama yake Mwanajuma alizaliwa Mafia, akaletwa Moshi na mume fundi wa reli.

"Dada Mwanajuma, huko kwa mama, bahari iko karibu na nyumba?"

"Saa ngapi?"

"Saa ngapi vipi? Bahari si iko palepale?"

Mwanajuma alicheka hadi kanga ikamdondoka. "Jamani Wachaga! Maji yakijaa yanakugongea hodi. Yakitoka yametoka, mnayafuata kwa miguu mpaka mchoke, chini mawe yanakata kama wembe. Tena kuna vidudu vyeusi vya miba, ukikanyaga kimoja utaita majina ya mababu wote." Kisha akaiona miguu ya Mathew juu ya kreti. Akaokota kanga. "Lakini kuzuri," akasema. "Kuzuri sana."

Daktari alimwambia Mathew maneno yale yale mara tatu. Asitembee pekupeku mahali popote, hata ndani ya nyumba, kwa sababu atajikata asijue, kidonda kitaoza, na safari ijayo hawatakata vidole. Eliamini alijua. Alikuwepo hospitali mara mojawapo, ameshika matunda. Mtu ambaye hausikii mguu wake alikuwa amezawadiwa mchanga.

Ndani ya kijitabu kulikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa mara mbili. Niliisoma kimya kwanza. Halafu nikawasomea kwa Kiswahili, sikuongeza, sikupunguza. Ilisema kwamba mimi Mathew, kwa hiari yangu, nakiri buti lilikuwa mali yangu binafsi, sina dai lolote kwa kampuni, wala sitatoa ushahidi mahali popote. Chini palikuwa na mahali pa sahihi yake, na chini zaidi mahali pa shahidi ajuaye kusoma Kiingereza.

Tarehe za safari zilikuwa tisa hadi kumi na nane Agosti.

"Tarehe kumi na nne tuko kwa afisa kazi," nikasema.

Nilikuwa nimekusanya wapagazi kumi na mmoja wa kuishtaki kampuni. Ilinichukua miezi mitano, nikifuata watu hadi vijiji vya Mkuu na Marangu, wengine wananikimbia migombani wakiniona na daftari. Barua niliandika mwenyewe, kurasa sita. Kati ya hao kumi na mmoja, wote walikuwa na maneno. Mathew peke yake alikuwa na miguu. Bila yeye, barua yangu ilikuwa malalamiko ya fundi viatu.

"Najua tarehe," Mathew akasema.

"Unajua?"

"Eliamini aliniambia kwa mdomo wake. Hakunificha, shemeji. Alisema, Mathew, uchague: bahari au ofisi."

"Na wewe umechagua kununuliwa!"

"Kaka," Priska akasema.

"Muache aseme." Mathew hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Miaka tisa nabeba mizigo ya watu. Naijua kuliko wenyewe. Juu kabisa makoti, katikati dawa, chini kabisa nguo za kuogelea, maana wakishuka wanakwenda visiwani. Nimepandisha nguo za kuogelea za watu hadi kwenye barafu, aisee, na kuziteremsha kavu. Ofisini nitakwenda kufanya nini? Nitavua soksi, watatazama, watasema pole. Pole ninazo."

"Kuna wenzako kumi."

"Wapo. Na kwenye barua yako umeandika buti lilikuwa bovu."

"Si lilikuwa bovu?"

"Hukuandika nani aliyeliziba."

Sindano yangu ya kushonea ilikuwa imechomekwa kwenye ubao wa kibanda. Nakumbuka niliitazama hiyo sindano.

Ni mimi. Mwezi wa kumi na moja kampuni iliniletea kibandani gunia la mabuti ya wageni, yale wanayoyaacha wakiondoka. Soli za mengine zilikuwa zinafunguka kama mdomo wa samaki. Nilimwambia msimamizi, haya hayashikiki, gundi hii haipendi baridi. Akasema, wanapanda siku sita tu Basili, si ya kuzikwa nayo. Nikayapaka gundi. Nikayashona kwa uzi wa nailoni, nikapiga viraka vya tairi, nikapokea changu. Buti la Mathew nililitambua hospitali, limewekwa chini ya kitanda. Mshono wangu mimi naujua. Tangu siku hiyo nilipiga kelele sana kuhusu Eliamini, na ndani ya kelele ile hapakuwa na mtu aliyeniuliza kitu.

"Tangu lini unajua?" nikamuuliza.

"Nililivaa mimi. Viraka vyako nani asiyevijua Moshi hii?" Akasogeza mguu mmoja kwa mkono, kama unavyosogeza kuni. "Sikulaumu, shemeji. Ulipewa kazi, ukafanya. Na mimi nimepewa safari, naenda."

Hasira niliitafuta. Nimeishi na hasira miaka ishirini, najua inapokaa, lakini siku ile nilipapasa sikuikuta. Niliona tu kiburu kimeganda, na nzi mmoja anazunguka ukingo wa sufuria.

Priska alikichukua kijitabu mkononi mwangu, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza.

"Huko Unguja mjini, hospitali iko?"

"Ipo."

"Chumba cha chini, kisicho na ngazi?"

Nikatafuta. "Kipo kimoja."

"Na hiyo boti ya kwenda kwa kobe, inasimama wapi?"

Nikasoma. "Inafika hadi mchangani. Unashuka, umefika."

"Basi hatua ni moja," akasema. "Tutakaa mjini. Atakwenda na viatu, atarudi na viatu, na jioni nitamkagua miguu kwa tochi. Andika hapo, kaka. Unguja."

Nikaandika Unguja. Mathew akasaini ile karatasi nyingine, herufi kubwa kubwa, akanisogezea.

"Sina mwingine anayejua Kiingereza," akasema.

Nikasaini kwenye mstari wa shahidi. Jina langu lote, la ubatizo na la ukoo.

Tarehe kumi na nne wapagazi wanane walifika kwa afisa kazi. Eliamini alikuja na suti na wakili kutoka Arusha. Alinipa mkono. "Basili, mwanafunzi wangu," akasema mbele ya watu, na mkono nikaupokea, ulikuwa laini. Wakili alitoa karatasi ya Mathew, akaonyesha sahihi yangu. Watu wangu wanane waligeuka wote kunitazama.

Afisa akauliza, "Sasa shahidi wenu yuko wapi?"

"Wa miguu yuko Unguja," nikasema. "Wa buti ni mimi. Mabuti yale nilizibwa macho na njaa nikayaziba mimi. Nililetewa na kampuni, kwenye gunia la kampuni, hayakuwa ya mpagazi yeyote. Andika hivyo."

Nilisema kama mtu anayesoma bei ya gundi. Afisa aliandika ukurasa mmoja na nusu, akanisomea, nikasaini tena. Akasema tutaitwa. Eliamini alinipita mlangoni bila kunipa mkono. Mmoja wa wale wanane, mzee Filemon wa Mkuu, alitema mate karibu na kiatu changu, akaenda zake. Wengine tulipanda pamoja hadi stendi.

Mathew alikuja kibandani siku mbili baada ya kurudi. Amekuwa mweusi kwa jua. Akasema kobe wale wana miaka mingi kuliko Eliamini na wanakula kwa heshima kuliko yeye. Akasema bahari ina chumvi kweli. Halafu akavua kiatu cha kushoto akanipa, kisigino kimelika upande mmoja.

"Ulisikia mchanga?" nikamuuliza.

"Niliuona."

Nilipoingiza mkono kupima soli nikagusa kitu. Kipande cha kombe la baharini, chenye ncha, kimejikita kwenye ngozi ya ndani, na pembeni yake damu imekauka. Nilikishika kwa koleo nikakitoa, nikakiweka juu ya ubao kati yetu. Mathew akakigeuza kwa kidole.

"Hicho nimetoka nacho Unguja?"

"Vua soksi."

"Walikusikiliza kule ofisini?"

"Waliandika. Vua soksi, Mathew."

Akainama, akaanza kuvua.