Bwana wa Mpingo Kwenye Mkia wa Ndege

Ignasi ni Mmakonde, mimi Mmwera. Kwa hiyo sisi ni watani, na kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumwambia ukweli bila kupigwa. Ukweli wenyewe ulikuwa huu: ndege yake ilikuwa nzito matakoni.

Nilikuwa nimerudi Lindi likizo ya Desemba, kidato cha tatu, kiburi kimenijaa mpaka kwenye soksi. Nikamkuta chumbani kwake, mtaa wa Mtanda, amezama katika takataka. Mchana alikuwa akipiga randa kwa fundi mmoja wa makabati. Jioni alitengeneza ndege. Na si tiara la watoto la kuvutwa kwa uzi, la, ndege ya kuruka yenyewe kama zile za uwanjani. Mifupa aliichonga kwa nyama ya ndani ya miale, ile miti ya kutengenezea milango ya maskini, myepesi hata ukipiga chafya inakukimbia. Mabawa aliyafunika kwa karatasi ya shashi akaibandika kwa uji wa muhogo. Injini yake ilikuwa vipande vya mpira wa baiskeli, vimelala tumboni mwa ndege kutoka puani hadi mkiani. Unazungusha pangaboi la puani kwa kidole mpaka mpira usokotane. Ukiachia, mpira unajisokotoa na pangaboi linazunguka.

"Amerika wanaziendesha kwa redio," nilimwambia. "Nimesoma katika gazeti shuleni. Mtu amesimama chini, ndege iko juu, anaiambia kata kushoto, inakata."

Jioni ile Ignasi alikwenda kusimama mbele ya redio ya ukumbi wa mji kwa nusu saa nzima. Akarudi amenuna.

"Wanasema bei ya mkonge tu," akasema.

Sasa, matako. Kwenye mkia kabisa Ignasi alikuwa amemkalisha mtu wa mpingo, mkubwa kama dole gumba, ana kofia, ana tumbo, amechongwa hadi vifungo vya koti. Ukimwangalia unataka kumwamkia.

"Mtoe huyo," nikamwambia. "Mpingo ni mzito kama chuma. Mkia ukiwa mzito, pua inainuka, ndege inakaa kitako hewani, inaanguka. Hiyo ni Fizikia."

"Mmakonde atoe kitu mkononi mwake hakina mpingo? Watasema kimetengenezwa na Mmwera."

"Basi mweke mbele. Rubani hukaa mbele."

"Nani kakwambia huyu ni rubani?" Ignasi akanitazama kwa huruma. "Huyu ndiye mwenye ndege. Wewe umewahi kumwona Bwana D.C. amekaa mbele ya gari? Mbele hukaa dereva. Mheshimiwa hukaa nyuma."

Serikali yote ya Tanganyika ilikuwa upande wake.

Alhamisi mjomba wake, Mzee Evaristo, akashuka kwenye lori kutoka Newala, kavaa koti la jeshi juu ya shuka. Kwa Wamakonde mtoto si wa baba. Baba ni mgeni tu anayekula vizuri. Mwenye mtoto ni mjomba. Na huyu alikuwa amekuja kumchukua mtoto wake.

"Shikamoo mjomba," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Ignasi, mvua imenyesha. Funga mzigo. Shamba la mama yako litakuwa lako, nami nataka nikuone ndani yake kabla sijafa. Miaka minne unachonga makabati ya watu ambao hawana hata nguo za kuweka ndani."

Ignasi hakujibu habari ya makabati. Alisema kwamba uwanja wa ndege wanatafuta fundi wa mbao, kwamba ametaka kuzishika ndege za kweli tangu siku ya kwanza alipoiona moja ikitua, na kwamba akirudi Newala kulima hatatoka tena. Alisema huku amepiga magoti. Mimi nilikuwa na mzaha mzuri sana mdomoni, nikaumeza.

Mjomba akakitazama kile kidude mezani. "Hii inaruka?"

"Inaruka," Ignasi akasema. Mwongo! Tangu Agosti ilikuwa haijaruka kumzidi kuku.

"Basi Jumamosi, uwanja wa mpira. Ikivuka ule ua wa minyaa, baki. Isipovuka, tunapanda lori jioni ile ile."

Jumamosi alasiri nusu ya Mtanda ilikuwa uwanjani. Watu wa Lindi hawana kazi wanapomwona mwenzao anakwenda kuaibika. Biasha, anayeuza vitumbua pale kwenye kona, alihamisha jiko zima.

"Mzee, mpe mara tatu," Biasha akamwambia mjomba. "Hata talaka huwa tatu."

Mzee akakubali.

Mara ya kwanza Ignasi alizungusha pangaboi, akainua mkono, akarusha. Ndege ikainua pua kama mtu aliyenusa pilau, ikasimama wima, ikakaa kitako hewani, ikaanguka. Watu wakapiga makofi. Nikamnong'oneza, "Mtoe Bwana." Akakataa kwa kichwa.

Mara ya pili ikawa vilevile, ila ilikaa kitako juu zaidi. "Leo imepanda cheo!" Biasha akapiga kelele.

Ignasi aliiokota, akaukagua mpira. Ulikuwa umechanika nyuzinyuzi. "Umebaki wa kuzungushwa mara moja tu," akaniambia. Akalishika pangaboi, akaliachia bila kulizungusha. Mjomba akaanza kufunga vifungo vya koti lake, polepole, kama mtu ambaye lori lake limeshafika.

Hapo nikafanya nilichofanya. Sitasema nilikuwa na hekima. Nilichokiona ni rafiki yangu anakaribia kulia mbele ya muuza vitumbua, nikaona afadhali watu wacheke upuuzi wangu kuliko machozi yake. Mtani anaruhusiwa kunyang'anya. Nikamnyang'anya.

"Enyi watu!" nikasema. "Mnaionea bure hii ndege! Ni ya Newala, na kwao kila kitu huenda kinyumenyume! Mtoto wa mjomba, mheshimiwa nyuma, na chakula wanaanza na maji!"

Nikazungusha pangaboi kinyume, kwa kidole cha kushoto, mpaka mpira ukalia. Kisha nikaigeuza ndege, mkia mbele, pua nyuma, nikarusha.

"Latifu!" Ignasi akapiga yowe. Hapo ndipo nami nikashtuka: nilikumbuka mpira ulikuwa umebakiza mzunguko ule ule mmoja.

Ndege haikuinua kitu. Uzito uliokuwa ukiivuta matako sasa ulikuwa mbele, na pangaboi likawa nyuma linasukuma, na vyote vikakubaliana kama wake wenza siku ya sikukuu. Ikaenda imenyooka. Bwana wa mpingo mbele na kofia yake, anatutazama sisi tunaobaki. Ikapita juu ya jiko la Biasha, ikapita goli, ikavuka minyaa, ikaangukia shamba la mihogo la mtu.

Kelele za watu zilisikika bandarini, nadhani.

Ignasi alikuwa amekaa chini. "Imevuka," alikuwa akisema. "Mjomba, imevuka."

"Nimeona," Mzee Evaristo akasema. "Lakini ndege ya nani? Alichonyang'anya mtani hakirudishwi. Ile iliyovuka ni ya Mmwera huyu. Yako imeanguka mara mbili."

Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli. Nikajaribu kusema namrudishia, namzawadia, ilikuwa mzaha.

"Mzaha ndiyo sheria yake," mzee akasema. Kisha akanishika ukosi wa shati, kwa nguvu ambazo sikuzitarajia katika mkono ule. "Nami ni mtani wako pia, mwanafunzi. Kwa hiyo nakunyang'anya wewe. Ndege imrudie mwenyewe, abaki nayo hapa, na nafasi yake kwenye lori ni yako. Wewe likizo inaisha lini?"

"Bado wiki tatu, mzee, lakini mama yangu..."

"Mama yako nimekunywa chai kwake asubuhi. Anasema huna kazi nyumbani, unamaliza sukari. Jembe unalijua?"

"Nalijua kwa sura."

Watu walinipandisha lori kwa furaha ambayo sitawasamehe. Biasha alinipa vitumbua vinne vya njiani, vilivyoungua. Ignasi alifika mbio lori likiwa limeshawashwa, matope hadi magotini, ndege kwapani, bawa moja limetoboka. Nikafikiri amekuja kunishukuru.

"Mpira umeuzungusha mara ngapi?" akaniuliza, akikimbia kando ya gurudumu. "Latifu! Mara ngapi?"

"Mia moja na arobaini!" nikampigia kelele.

Sikuwa nimehesabu hata moja.